Treni ya shemeji, kompyuta ya dada

Barua za ukurasa huu nazijua kabla sijafungua bahasha. Za wivu, za mawifi, za simu inayolazwa kifudifudi mezani, za bwana harusi aliyekula michango ya kamati. Mwezi huu imeingia moja kutoka Mpanda, mkoani Katavi, ambayo niliirudia mara mbili nikidhani dada wa watu anasema kwa mafumbo. Analalamika kwamba mume wake ameleta treni ndani ya nyumba.

Si kimada. Treni!

Dada huyu ana stesheneri pale mjini: kompyuta moja, printa ya leza, mashine ya fotokopi na kitambaa cha bluu cha kupigia picha za pasipoti. Humo ndimo inamotoka ada ya watoto na nusu ya unga. Mumewe, ambaye nitamwita shemeji kwa sababu waume wa wasomaji wangu wote ni mashemeji zangu, ni fundi seremala. Tangu mwaka jana anajenga juu ya meza treni ndogo na stesheni yake, na sasa amefika kwenye vibao: jina la stesheni, maandishi ya kwenye mabehewa, matangazo ya ukutani, vitu vya sentimeta mbili tatu. Kila jioni, wakati wateja wanataka kuchapiwa barua za maombi ya kazi, yeye amekalia kiti. Anachapa kibao kimoja kwenye karatasi nzima, anakitazama, anakunja uso, anachapa kingine. Tona inakwisha. Juu ya hayo, kijana mmoja wa Dar amemwambia kwamba bila programu fulani ya shilingi laki tatu na nusu asahau kupata vibao vya maana. Dada anauliza: nimpe hiyo hela, au nimwambie achague, mimi au treni?

Hapo kuna maswali mawili, la programu na la ndoa. Mimi naanza na la programu, manake nimeshaona watu wakigombania ndoa wakati ugomvi wenyewe uko kwenye printa. Kazi yangu ya kila siku ni kupanga kurasa, kwa hiyo hizi programu nazijua kama mpishi anavyozijua sufuria zake. Na ilitokea nina safari ya Katavi, nikapiga hodi.

Nimtetee shemeji kidogo kwanza. Mchezo huu wa reli za mfano una watu wazima wengi sana huko Ulaya na Marekani. Kule Hamburg, Ujerumani, kuna jumba linaitwa Miniatur Wunderland, lilifunguliwa mwaka 2001, ambako watu wanapanga foleni na kulipa kiingilio ili kuangalia treni ndogo zikikatiza miji midogo yenye taa na vibao vyake. Wenye jumba lile hakuna anayewaita vichaa. Sisi maduka ya vitu hivyo hatuna, lakini nani kati yetu hakukua akiona watoto wakitengeneza gari la boksi lenye magurudumu ya kandambili? Shemeji amechelewa kuacha, basi.

Na kama kuna mji wenye haki ya kutengenezewa treni ya mezani, ni Mpanda. Njia ya reli inayochepuka Kaliua kwenda kule, kilometa 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kutoa risasi. Risasi ya madini, si ya bunduki! Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Uruwira Minerals. Ukafungwa karibu na wakati wa uhuru, lakini reli ikabaki, ikabeba mahindi, tumbaku, mbao, asali na watu. Kabla ya lami ya Tabora kufika, msimu wa mvua ukitaka kutoka Mpanda ulikuwa unauliza kwanza habari za treni.

Baba yake shemeji alikuwa karani wa mizigo stesheni ya Mpanda. Sasa ni mzee wa miaka sabini na kitu, anaishi nao. Stesheni iliyo juu ya meza ni ile ya ujana wake.

Reli yenyewe imetoka Ujerumani. Shemeji ana ndugu yake huko aliyemtumia vipande vya reli vilivyokwisha kutumika na kichwa kimoja cha dizeli, kidogo kama soseji. Kipimo chake ni moja kwa themanini na saba, yaani kila kitu kimegawanywa kwa 87. Hapa nilishangaa mwenyewe. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1905 hadi kufika Kigoma mwaka 1914 ina upana wa mita moja, na ya Mpanda ni hiyo hiyo. Gawanya mita moja kwa 87 unapata milimita kumi na moja na nusu. Viwandani wanatengeneza ya milimita 12. Na hizo ndizo alizotumiwa shemeji. Angetaka kutengeneza SGR yetu, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi Juni 2024, angehitaji reli ya milimita 16 na nusu. Majengo ameyachonga mwenyewe kwa mabaki ya mbao na kadibodi, na jamani, huyo mwanaume ana mikono. Hata mataruma kayapaka mafuta machafu yaonekane yamezeeka.

Vibao sasa. Mzee anakumbuka vipimo kwa mwili wake, kama wazee wetu wote. Ubao wa jina la stesheni anasema ulikuwa pima moja na nusu kwa urefu, mkono mmoja kwenda juu, na herufi shubiri moja. Shemeji akageuza: pima moja na nusu ni kama sentimeta 270, mkono kama 48, shubiri kama 23. Gawa kwa 87. Ubao unakuwa milimita 31 kwa tano na nusu, na herufi milimita mbili na pointi sita. Chukua rula uangalie milimita mbili na pointi sita ni kitu gani. Ndani ya hapo M inatakiwa iwe na miguu yake, P na tumbo lake, na A na tundu lake.

Kabla hujauliza programu gani, chagua mwaka. Wengi wanaruka hatua hii. Behewa liliandikwa nini ubavuni? Kuanzia mwaka 1948 reli zetu ziliunganishwa na za Kenya na Uganda, zikaitwa EAR&H. Mwaka 1969 zikabaki EAR. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, ikaja TRC. Mwaka 2007 ikawa TRL, kisha sheria ya mwaka 2017 ikairudisha TRC. Herufi tatu zile zinasema mwaka kuliko kalenda. Ukiweka stesheni ya miaka ya 1970 halafu ukutani ubandike tangazo la M-Pesa, iliyoingia nchini mwaka 2008, mzee atacheka mpaka akohoe. Hata neno Katavi kama jina la mkoa usiliweke, mkoa huu ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Shemeji amechagua mwaka 1978, na sababu yake nitaisema mbele.

Haya, programu. Ile ya laki tatu na nusu ilikuwa Photoshop. Mimi Photoshop naiheshimu, picha za jarida hili zinapita humo. Lakini ni programu ya picha. Picha inazijenga kwa vidoti, wataalamu wanaviita pikseli, na herufi ndogo iliyojengwa kwa vidoti inategemea umeweka vidoti vingapi. Herufi yetu ya milimita mbili na pointi sita, ukiifungua kwenye ukurasa wa vidoti 96 kwa inchi, inapata kama vidoti kumi tu kwenda juu. Kwa vidoti kumi, A na R zinakuwa mapacha. Ukiweka 300 inapata thelathini, ukiweka 600 inapata sitini, hapo inasomeka. Shemeji alikuwa anachukua picha za herufi mtandaoni na kuzipunguza mpaka zienee. Ndiyo maana alikuwa anakunja uso.

Halafu hiyo bei. Waliotengeneza Photoshop waliacha kuuza matoleo mapya ya kulipia mara moja mwaka 2013. Sasa inakodishwa kwa mwezi au kwa mwaka. Kwa hiyo anayekuja na toleo jipya kwenye fleshi akakwambia ni la kudumu, ujue amebeba cha wizi. Na dada ana kidonda chake hapo. Mwaka jana aliwekewa nakala ya namna hiyo, ikaja na kirusi, mafaili ya wateja yakageuka vivuli visivyofunguka. Zilipotea kadi za harusi mbili na risala ya mahafali. Ule mlango wa stesheneri ulipigwa makofi na mama wa bibi harusi! Sasa mtu akitaja neno programu mbele yake, damu inapanda, na mimi simlaumu.

Kinachotakiwa kwa vibao ni programu ya kuchora kwa mistari. Yenyewe haihesabu vidoti, inakumbuka umbo: mstari unaanzia hapa, unapinda hivi, unaishia pale. Ukiukuza mara mia unabaki mkali, ukiupunguza unabaki mkali. Fundi wa mabango mjini kwako huenda anatumia CorelDRAW, na ni chombo kizuri. Kama shemeji angekuwa anafungua biashara ya mabango ningemwambia ajipinde ainunue, kihalali. Kwa vibao arobaini vya mezani, hapana. Kuna Canva, ambayo vijana wa kadi za mtandaoni wanaipenda. Inapendeza, ila imejengwa kwa ajili ya mtandao, na bando likikata katikati ya kazi unabaki unaangalia kioo.

Nikamuuliza dada, wewe kazi zako unafanyia nini? Akasema Word, na vyeti anafanyia Publisher. Nikamwomba atengeneze ubao wa Mpanda kwa Word, milimita 31 kwa tano na nusu. Alichukua dakika sita, tena huku anamhudumia mteja wa fotokopi. Akachora kisanduku, akaingia kwenye vipimo akaandika sentimeta 3.1 kwa 0.55, akaondoa nafasi za pembeni zinazosukuma maandishi, akaweka herufi nene. Akajaribu fonti ya 12, ikazidi. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: namba ya fonti si urefu wa herufi. Arial ya 12 inatoa herufi kubwa yenye urefu wa kama milimita tatu. Kwa mbili na pointi sita unataka kumi na kidogo. Dada alilijua hilo kwa mazoea, kwa miaka ya kubana majina ya wajumbe wa kamati kwenye kadi.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, kimya. Ameuliza kijana wa Dar, ameuliza ndugu yake wa Ujerumani, ameuliza fundi simu. Mtu anayelala naye kitanda kimoja, anayepanga maandishi kutwa nzima, hakumuuliza. Dada hakusema kitu. Alibofya kuchapa tu, ikatoka.

Word basi inaweza, na kwa mtu mwenye vibao vitano sita vya mstari mmoja namshauri asihangaike zaidi. Shida yake inakuja ukitaka vibao arobaini kwenye ukurasa mmoja. Ukiongeza kimoja vingine vinahama. Na ukitaka kukunja umbo la herufi moja moja haikupi njia.

Tukaja kwenye mbili za bure. Ya kwanza ni LibreOffice Draw. Ni nyepesi, inapima kwa milimita, inatoa PDF safi, na kompyuta ya zamani haiilalamikii. Ya pili ni Inkscape, ambayo ipo tangu mwaka 2003, imetengenezwa na watu wanaojitolea na haina cha kulipia leo wala kesho. Unaipakua kwenye tovuti yao wenyewe, usiipokee kwenye fleshi ya mtu. Kompyuta ya dada ina kumbukumbu ndogo, ile ya GB 4, kwa hiyo Inkscape ikifunguka inajivuta kidogo kama treni inayopanda mlima. Siku ya kwanza vitufe vyake vinachanganya. Lakini unaweka ukurasa A4, unachagua milimita, unachora mstatili, unaandika 31 na 5.5, basi umepata 31 na 5.5. Ukinibana nichague moja, kwa mashine mbovu nachagua Draw, kwa mtu anayejali umbo la herufi nachagua Inkscape. Pale Mpanda tulichagua Inkscape, na sababu haikuwa mimi. Ilikuwa mzee.

Mzee ana presha ya macho. Wanaoijua wanajua: kilichokwisha kupotea hakirudi, matone yanalinda kilichobaki tu. Kwake kimebaki kidogo, katikati, kama anachungulia kwenye bomba. Karatasi yenye kibao cha milimita tano haioni kabisa. Alikuwa anaishika karibu na pua, anaipapasa, anamrudishia mwanawe, anasema sawa tu mwanangu. Shemeji alijua si sawa.

Tulipofungua Inkscape dada akaandika MPANDA, kisha akazungusha gurudumu la kipanya. Neno likakua, likakua, mpaka M peke yake ikajaza kioo kizima, nyeusi juu ya nyeupe, kingo zake kali kama zimekatwa kwa wembe. Mzee alikuwa kwenye kiti cha wateja. Akasogea. Akaweka kidole kwenye kioo.

“Hii miguu imetanuka,” akasema. “Ya stesheni ilisimama wima.”

Dada akageuza herufi kuwa umbo, ambalo lina vifundo unavyoweza kuvivuta, akavuta mguu wa kushoto. Mzee akasema bado. Akavuta tena. “Hapo, mama, acha hapo.” Wakaenda kwenye P, tumbo likashushwa. Kwenye N mzee akabisha, akasimulia mchoraji wa reli aliyekuwa anapaka rangi bila rula na mstari haupindi. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, wateja watatu wamekaa kwenye benchi, na hakuna aliyelalamika. Mmoja wao, mama wa makamo, akaanza kusema na yeye alichokumbuka: kwamba ubao ulikuwa na nguzo mbili, na mbuzi walikuwa wanafungwa pale.

Kisha ikaja habari ya mwaka 1978. Mzee anasema Jumuiya ilipovunjika mabehewa hayakupakwa rangi yote. Palipokuwa na EAR palipigwa rangi juu haraka, TRC ikaandikwa, na jua la mwaka mmoja likatosha. Herufi za zamani zikaanza kuonekana kwa chini, hafifu, kama kovu. Yeye kama karani aliandika namba za mabehewa hayo kila siku, na anasema mpaka leo akifumba macho anaziona herufi sita zimelaliana. Shemeji anataka behewa hilo. Kwa Photoshop au kwa Inkscape inawezekana, kwa Word ni mateso, kwa sababu unahitaji matabaka: EAR tabaka la chini, rangi ya behewa juu yake umeipunguza uzito kidogo, TRC juu kabisa. Dada alianza na asilimia 50, mzee akasema imezidi. Walipofika asilimia 90 akanyamaza. Kisha akauliza, “Huoni E inatokeza zaidi ya R? Ilikuwa hivyo.”

Mzee alipotoka kwenda kusali adhuhuri, nikamuuliza shemeji kwa nini hakumweleza mkewe kwamba haraka yote hii ni ya macho ya baba. Akasema alidhani inaeleweka. Jamani wanaume! Dada alijua mzee anaumwa macho, yeye ndiye anayemtia matone asubuhi na jioni. Alijua mume anajenga treni. Kuunganisha hivyo viwili hakuna aliyemsaidia, na yeye kwa upande wake aliona mwanaume mzima anayechezea tona yake. Akaniambia pembeni, sauti imeshuka, “Dada, mimi nilidhani ananikimbia. Kila jioni amenipa mgongo, yuko na vile vibao.” Halafu akafuta kioo cha kompyuta kwa kanga, alama za kidole cha mzee zilikuwa zimejaa.

Mapatano waliyofikia ni yao, nayaandika kwa ruhusa yao. Saa za kazi kompyuta ni ya wateja, shemeji haikalii. Baada ya kufunga, siku tatu kwa wiki, dada ndiye anakaa kwenye kipanya na mzee kwenye kiti cha pembeni. Shemeji anaandika vipimo kwenye daftari. Vibao vinapangwa vyote kwenye A4 moja na kuchapwa mara moja, na karatasi na tona anazilipia shemeji kwa bei ile ile ya mteja. Nilidhani hapo atabisha. Alitoa elfu mbili mfukoni akaiweka juu ya printa.

Kwa wewe utakayejaribu nyumbani, kuna mtego mmoja kwenye kuchapa. Printa nyingi zimewekwa zibane ukurasa uenee, na zinapunguza asilimia chache bila kukuuliza. Fremu ya shemeji imechongwa milimita 31 kamili, kibao cha 30 kinacheza ndani yake kama jino bovu. Chagua ukubwa halisi, asilimia mia. Chora pembeni mstari wa milimita 100, chapa, pima kwa rula. Ikiwa 97, rudi kwenye mipangilio. Ukipeleka faili stesheneri ya mtu mwingine peleka PDF, au geuza herufi ziwe maumbo kwanza, la sivyo kompyuta yao isipokuwa na fonti yako itakuwekea yake. Tumia leza kuliko wino wa maji, ambao ukigusa gundi unalia. Na usitake kila neno lisomeke. Shemeji alitaka kibao cha jina la kichwa cha mvuke, kwa sababu mzee anavikumbuka vile vilivyopewa majina ya makabila. Namba 3020, Nyaturu, kipo mpaka leo kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Herufi ya sentimeta kumi ukiigawa kwa 87 inabaki milimita moja na nukta. Mtu aliyesimama hatua mbili kutoka mezani ataona mstari mweupe kwenye bati jekundu, na hiyo inatosha.

Nilipoondoka vibao kumi na nne vilikuwa vimekwisha: Mpanda mbili, ya mwanzo na ya mwisho wa jukwaa, Kaliua, Katumba, ofisi ya mizigo, chumba cha kusubiri, na vya mabehewa. Kimoja kimekwama. Ni cha Ugalla, kule reli inakovuka mto. Shemeji anataka L mbili, na ushahidi wake ni kwamba hifadhi ya taifa iliyotangazwa kule mwaka 2019 inaitwa Mto Ugalla, L mbili. Mzee anasema kibao kilikuwa na L moja, na hifadhi imekuja yeye akiwa ameshastaafu zamani, itamfundisha nini? Dada amechora vyote viwili, ameviweka kwenye faili moja, na amekataa kuchapa mpaka wakubaliane, tona si maji.

Basi msomaji wangu, hasa wewe wa Kaliua, Urambo na Tabora: kama wewe, au mzee wako, mlipita pale kwa treni miaka ya 1970 na mnakumbuka ile L ilikuwa moja au mbili, niandikieni mapema. Mzee anauliza kila siku.